Paa la Dada wa Fundi

Mtu akikuambia haogopi kimbunga, mwangalie vizuri. Ama hajakutana nacho, ama anakudanganya mchana kweupe. Fundi cherehani tunayemzungumzia hapa alikutana nacho mapema, akiwa msichana anayejifunza kazi, na tangu hapo alikiheshimu kama watu wanavyomheshimu mkwe mkali, yule ambaye humsemi vibaya hata akiwa safarini.

Alikuwa anajifunza ushoni katika duka moja la barabara ya pwani, kwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeweza kukata koti bila kugusa chaki. Kimbunga kilipiga asubuhi. Kiling'oa mabango, kikavunja vioo, wao wawili wamejibanza chini ya meza ya kukatia wakiombana msamaha kwa makosa ya tangu lini sijui. Halafu ghafla kikanyamaza. Jua likatoka, tena jua zuri. Yule mama akajifuta uso, akasema, "Haya, limekwenda zake hilo. Ngoja nikaokote vifungo vyangu barazani kabla watu hawajavikanyaga." Akatoka huku anatania kwamba leo nguo zimefuliwa bure bila sabuni.

Kumbe hawakuwa wamefika mwisho. Walikuwa katikati, pale kimbunga kinapotulia kidogo kama kinavuta pumzi, na nusu ya pili ilikuwa njiani, upepo ukitokea upande ule mwingine. Haikupiga hodi. Msichana aling'ang'ania nguzo ya mlango, akauona ukuta wa baraza ukimlalia mwalimu wake aliyekuwa amechutama na vifungo mkononi. Alimlilia muda mrefu sana, na alikasirika pia, maana lile jua lilikuwa limewadanganya wote wawili.

Mwaka huohuo wakaja mafundi wa kutoka mbali kuwafundisha watu kujenga upya. Msichana alisimama nyuma ya watu akasikiliza. Walisema upepo hausukumi paa, unaliingia kwa chini ukalinyanyua, vile mtu anavyofunua sufuria. Kwa hiyo misumari peke yake haitoshi. Kila kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba mabati, inatakiwa ifungwe kwenye ukuta kwa mkanda wa chuma, uikumbatie kenchi na ushuke ukutani, ukazwe kwa nati. Wanaume waliokuwepo walikuna videvu, wakasema ni gharama za bure, wakaenda zao kupigilia misumari.

Yeye hakusahau. Miaka ikapita, akawa fundi kamili, akafungua duka lake, mlango akaupaka rangi ya zambarau. Watu walimcheka kwa rangi ile, ila hakuna aliyepotea njia akimtafuta. Alishona sare, alishona mapazia, alipunguza suruali za waliokonda na kuongeza za walionenepa bila kumtangaza mtu. Hakuolewa, na hakuwa na mtoto. Aliyekuwa naye ni mama yake mzazi, na kaka yake aliyemtangulia kuzaliwa, fundi seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo.

Huyo Nyundo alikuwa na mdomo! Kila redio ikitaja upepo baharini, dada mtu anafunga vitambaa kwenye nailoni, anapandisha cherehani juu ya meza, anajaza maji madumu. Na kaka mtu yuko mlangoni amekunja mikono, anacheka. "Jamani njooni muone, Bi Kimbunga anahama dunia!" Jina likamganda. Watoto wakalishika, wateja wakalishika, hata mama yake akawa anasema, "Bi Kimbunga wangu, punguza uoga, utazeeka mapema." Alicheka nao. Mtu akitaniwa na nduguye atafanya nini?

Alipoanza kujenga nyumba yake, alisema jambo moja tu: paa langu litafungwa kwa mikanda ya chuma. Ukuta upauke, sakafu ipasuke, sawa, paa lifungwe. Mikanda yenyewe alikatiwa na mchomeleaji wa mtaa wa pili, na yeye akamlipa kwa kumshonea mavazi ya harusi ya binti zake, kazi iliyomkalisha kwenye cherehani mpaka kiuno kikagoma. Kwa kuwa hewa ya chumvi inakula chuma, aliipaka rangi mwenyewe, mkanda mmoja mmoja. Rangi aliyokuwa nayo ni ile iliyobaki ya mlango wa duka. Mikanda ikatoka zambarau tupu, ikapangwa uani ikauke. Nyundo alipokuja kuichukua alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, hii ni mikanda ya paa au mapambo ya sherehe?"

"Wewe funga tu."

"Nitafunga, mheshimiwa."

Wiki ya kupaua ikaangukia mwanzoni mwa muhula. Nani asiyejua fundi cherehani anavyokuwa mwanzoni mwa muhula? Wazazi wamejaa dukani, kila mmoja anataka sare ya mtoto wake leoleo. Alipopata nafasi ya kukimbia kwenda kuangalia nyumba, mabati yalikuwa yameshalala juu na mbao za dari zimeshapigiliwa, nyeupe, safi, hazina hata ufa. Akasimama katikati ya sebule, shingo ameinua.

"Umefunga, kaka?"

"Nimefunga."

"Zote?"

"Hee! Unataka nile kiapo? Nimefunga, dada. Paa hili halitoki hata kwa winchi."

Basi. Kaka amesema. Damu moja, ziwa moja, angeanza kubandua dari kumpima? Alihamia yeye na mama yao, na kila akilala alitazama ile dari akasikia raha moyoni, raha ya mtu aliyetimiza jambo lake.

Msimu huohuo Nyundo naye alikuwa anamalizia nyumba yake, mtaa uleule, nyumba chache kutoka pale, maana mkewe alikuwa mjamzito na chumba walichopanga kilikuwa kinawabana. Hilo halikumshangaza mtu.

Kimbunga cha pili hakikuja upesi. Kilichukua miaka, kiasi kwamba watu walianza kukisimulia kile cha kwanza kama kichekesho. Asubuhi moja gari la vipaza sauti likapita likitangaza watu wa mabondeni wahame na wengine wakae kwenye nyumba imara. Bi Kimbunga akafunga duka, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya kaka yake. Alimkuta anapiga randa mlango.

"Kaka, nataka neno lako la kifundi, si la utani. Tukae kwangu, au nimlete mama kwako?"

Nyundo hakuinua macho. Alipiga randa mara mbili tatu, maranda yakamwagika miguuni.

"Kaeni kwenu," akasema. "Kwani paa lako lina nini? Si nimelifunga mimi mwenyewe?"

Akarudi, akamwambia mama yake, "Tunakaa, kaka amesema." Mama akasema sawa mwanangu, akaendelea kuchambua mchele.

Adhuhuri ilikuwa haijafika upepo ulipoanza kuzungumza. Kwanza mabati yalilia, na hilo si ajabu, mabati hulia. Halafu ile dari nyeupe ikaanza kupanda na kushuka, inavuta hewa na kuitoa, na misumari ikawa inatoa sauti ya jino linalong'olewa. Hapo ndipo alipoelewa. Paa lililofungwa halifanyi hivyo! Alimkamata mama mkono, akamsukumiza kwenye stoo ndogo kando ya jiko, akamfunika kwa godoro na kumlalia juu. Kikatoka kishindo ambacho sitajaribu kukieleza. Walipofumbua macho, walikuwa wanatazama mawingu. Paa lilikuwa limeondoka zima zima, kenchi kwa mabati, likaenda kujibwaga uwanjani.

Mvua ikawa inamiminika sebuleni kama nje. Kuta zisizo na paa hazikai, hilo alilijua, na ule wa sebule ulikuwa umeanza kuyumba. Akachana shuka, akamfunga mama yake mgongoni kama mtoto, mama mtu mzima na uzito wake, akatoka akitambaa kuta kwa kuta. Njia ya kwenda kwa Nyundo, fupi ya kukohoa mara moja ukafika, siku ile ilimtoa roho. Kila hatua alikuwa anamwambia, "Mama, usiniachie." Na mama alikuwa anamnong'oneza sikioni, "Nimekushika, mwanangu, nimekushika."

Wifi yake ndiye aliyefungua mlango, akapiga ukelele. Nyundo akatokea nyuma yake, macho yakamtoka pima. Fikiria mtu anamwona dada yake kalowa chapachapa, kambeba mama yao. Utauliza nini? Utauliza kumetokea nini. Yeye aliuliza, "Mmeumia?" Hakuuliza kingine. Dada mtu alilisikia swali likampita, akawa hana nafasi ya kuligeuzageuza, maana mama alikuwa anatetemeka na watoto wa Nyundo wanalia.

Wakakaa chini wote katika sebule ya Nyundo, migongo ukutani. Juu, paa lilikuwa limetulia tuli. Upepo ulilipiga, ukalipekua, ukalitukana, nalo likajikaza. Watoto wakaacha kulia. Bi Kimbunga akasema moyoni, kaka yangu kwa kweli anajua kazi, sijui kwangu aliteleza wapi. Naam, bado alikuwa anamtafutia udhuru.

Ndipo ubao mmoja wa dari ulipobanduka kona ya dirishani ukaanguka puu. Watoto wakakimbilia kwa mama yao. Kila mtu akatazama juu. Kenchi ilionekana, imekaa ukutani barabara, imekumbatiwa na mkanda wa chuma. Wa zambarau. Na kenchi ya pili yake, zambarau.

Wifi masikini, ambaye hakujua lolote, alisema, "Ala! Wifi, hiyo si rangi ya duka lako?"

Nyundo aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Dada mtu alimtazama, akaitazama mikanda, akamtazama tena. Kilichokuwa kinamzuia asife saa ile ni kilekile alichoibiwa. Akikichukia, anakitegemea. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Aliipitisha akilini miaka yote ya "Bi Kimbunga anahama dunia", na sasa akaielewa. Mtu anayechekwa kwa uoga wake hapandi darini kukagua, anaona haya. Ule utani ulikuwa unamlinda mwizi, na mwizi ni kaka yake. Halafu likamjia lile la asubuhi, lile la karakana, na hilo lilimchoma kuliko yote. Kaeni kwenu.

Upepo ukakatika. Ghafla, kimya. Mwanga wa jua ukapenya pale palipobanduka ubao, ukaangaza zambarau ile vizuri zaidi. Nyundo akanyanyuka upesi. Macho ya dada yake yalikuwa yamemchosha.

"Limekwisha," akasema. "Ngoja nikawaangalie majirani."

Akashika komeo. Dada mtu alikuwa na sekunde ya kuamua, na sitaficha, roho mbaya ilimpitia. Mwache aende. Aende akaone. Kaka hakumwambia chochote kuhusu paa, kwa nini yeye amwambie kuhusu jua? Lakini akamwona akilini mwalimu wake amechutama na vifungo mkononi.

"Kaa chini," akasema.

"Dada, jua limetoka."

"Nimesema kaa chini! Linarudi, na litatokea upande huu wa mlango. Hamisha watoto kule."

Alikaa. Walihamia ukuta wa pili, na hawajapanga hata mto, mlango ule ukapigwa kwa nguvu iliyolipinda komeo. Wifi alianza kulia, akamshika Bi Kimbunga mkono akaubusu. Nyundo alitazama mlango kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa pale. Paa likashika. Likashika mpaka mwisho.

Siku zilizofuata mtaa mzima ulikuwa unaanika magodoro. Mama akabaki kwa Nyundo, dada mtu akalala dukani kwake juu ya meza ya kukatia. Hakumtangaza kaka yake. Watu walipouliza imekuwaje paa la dada wa fundi liruke na la fundi libaki, alijibu upepo una mambo yake. Kumbe alikuwa anapika la kwake. Mambo yalipotulia kidogo alikwenda kwa yule mchomeleaji, akaazima ngazi na spana, akaibeba ngazi begani mpaka kwa kaka yake.

Nyundo alimkuta anaiegemeza ukutani kwa nje, upande wa dirisha.

"Nimekuja kuchukua mikanda yangu," akasema dada.

"Dada, tuzungumze."

"Zungumza. Masikio yangu hayapandi ngazi."

Nyundo akajifuta viganja kwenye suruali. "Nilitaka kukurudishia. Naapa. Nilisema nianze kwangu kwa sababu ya mtoto aliyekuwa anakuja, halafu nitapata mingine nikufungie kabla ya dari. Nikaogopa utakuja kuona, nikapigilia dari upesi. Basi kila mwaka nikasema mwaka ujao."

"Na asubuhi ile nilipokuuliza? Nilikuja kwa mguu wangu, nikakuuliza kwa kinywa changu. Mama yumo ndani ya nyumba ile!"

"Ningesema nini? Kila mtu anajua mimi ndiye niliyelipaua. Nikisema mje kwangu, wataniuliza kwa nini. Nani angenipa kazi tena?" Akaitazama ngazi. "Nilidhani litapita pembeni. Huwa linapita pembeni."

"Kwa hiyo ulitupima sisi na kazi yako."

Dada mtu alipanda ngazi mwenyewe, sketi ameifunga kiunoni, akaingiza mkono kwenye uwazi wa chini ya mabati, pale palipobanduka ubao wa dari, akaivisha spana nati ya kwanza. Ilikuwa imeshikana. Alikaza mikono, nati ikalia, ikaanza kulegea. Na kwa chini, kupitia uwazi uleule, akaona mkeka umetandikwa na mtoto mdogo wa Nyundo amelala mchana, mkono mmoja umeangukia nje, mdomo wazi. Akasimama na spana yake. Alisimama sana, Nyundo ameshika ngazi kwa chini bila kuambiwa.

Aliirudisha nati mahali pake, akaikaza mpaka mkono ukamuuma. Kisha akashuka.

"Ibaki," akasema. "Siwezi kuwafungulia watoto. Ila kwangu hutatia nyundo tena, na mimi na wewe salamu tu."

Akaibeba ngazi, akageuka aondoke. Mama yao alikuwa kwenye kigoda mlangoni, ameyasikia yote. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mama aliyejivunia mwanawe, akamnyooshea mikono miwili.

"Nilijua," akasema mama. "Wewe una moyo mwema tangu utotoni. Nilijua ungesema ibaki. Ndiyo maana wiki ile ya kupaua nilimwambia achukue mikanda yako. Nikamwambia, chukua, wewe una mtoto anayekuja, dadako hana, na hatakukatalia."

Bi Kimbunga alibaki na ngazi begani. Alimtazama mama yake kuanzia kichwani hadi miguuni, huyo aliyemfunga mgongoni kwa shuka, huyo aliyemwambia nimekushika mwanangu.

"Ulijua?" akauliza. "Miaka yote tumelala chini ya paa lile, mimi na wewe, ulijua kwamba halina kitu?"

"Nilijua."

"Hukuogopa, mama?"

Mama akashangaa swali lenyewe. "Niogope nini? Mimi sikuamini kama kweli kimbunga kitarudi. Nilidhani ni wewe tu na uoga wako."